Moyo wa Mgonjwa Njiani Kwenda Mwanza



Tangu Februari hata Julai ya mwaka 2024 tulikuwa wasafiri wa njia moja: kutoka Katoro, katika mkoa wa Geita, hadi Mwanza, na kurudi. Tulikuwa tukimsindikiza dada yetu mkubwa aliyeshikwa na saratani ya titi. Sisi makazi yetu ni Shinyanga mjini. Yeye aliolewa Katoro, na mumewe ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Safari zilikuwa nane kwa sababu dripu za tibakemikali zilikuwa nane, na baina ya dripu moja na ya pili zilipita siku 21. Juu ya dawa zenyewe madaktari wamekwisha sema, nao ndio wajuao. Sisi twapenda kusema juu ya jambo ambalo halikuandikwa katika karatasi yoyote tuliyopewa, nalo ni hofu ya mgonjwa: iliingia kwa mlango gani, nani aliyeikaribisha, na nini kilichoipunguza. Twakiri tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya hofu ile tuliiingiza nyumbani sisi wenyewe kwa mikono yetu.

Kinundu alikigundua akioga, katika Mfungo Sita wa mwaka 2023, watu walipokuwa wakijitayarisha kwa Maulidi. Hakikumwuma, na kwa kuwa hakikumwuma alinyamaza. Hapa wengi hukosea, maana kinundu cha saratani mara nyingi hakiumi mwanzoni, na mwanamke hudhani kwamba kisichouma hakina neno. Alipokuja kutuambia, miezi mitatu ilikuwa imepita. Akakatwa kinyama, kikapelekwa kupimwa, na majibu yalipotoka tuliyapokea sisi, ndugu zake wa kiume pamoja na shemeji yetu. Tukakaa barazani, tukasoma, tukanyamaza, kisha tukakata shauri tusimwambie. Tulimwambia ana uvimbe unaotaka kusafishwa kwa dawa za mshipani. Tuliona hiyo ndiyo huruma.

Siku ya kwanza tulifika Bugando asubuhi. Hospitali ile ya rufaa, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekaa juu ya kilima, na mgonjwa huifikia pumzi zikimpanda hata kama amekuja kwa gari. Tukaketi kwenye benchi. Mama mmoja aliyejifunga kitenge kichwani akamgeukia dada yetu kwa wema kabisa, akamwuliza, “Mwenzangu, wewe kansa yako iko titi la upande gani?” Dada yetu hakumjibu. Alitugeukia sisi, akatutazama muda mrefu, kisha akatazama sakafu. Wala hakulia. Laiti angalilia.

Usiku ule, katika nyumba ya jamaa zetu tulikolala pale Mwanza, alituita. Akasema, “Wadogo zangu, mmenificha kwa sababu daktari amewaambia nitakufa. Kama kungekuwa na matumaini mngeniambia.” Ndipo tulipotambua tuliyoyafanya. Daktari hakusema hivyo hata kidogo. Alikuwa amesema kwamba ugonjwa umekwisha fika kwenye tezi za kwapani lakini haujaenda mbali, kwamba dawa itatangulia ili kukipunguza kinundu, kisha upasuaji ufuate, na kwamba yapo matumaini mazuri. Haya yote tulikuwa nayo mfukoni, tukamnyima. Aliyefichwa jambo hulitafuta mwenyewe gizani, na katika giza lile alikuwa amepata jambo baya kuliko lile lililoandikwa.

Asubuhi yake tulirudi kwa daktari, tukamwomba amweleze yeye mwenyewe, sisi tukisikiliza. Akamweleza kwa Kiswahili chepesi, akamwachia nafasi ya kuuliza, naye akauliza maswali kumi na moja, tuliyahesabu. Jingine lilikuwa kama dawa itamzuia kumbeba mjukuu. Tangu siku ile hofu haikuondoka, ila ilipata mipaka. Baada ya kuogopa kitu kisicho na jina wala mwisho, akawa anaogopa dripu nane. Na dripu nane, ndugu zetu, zahesabika.

Shemeji yetu ndiye aliyelipatia jambo hili sura. Yeye hushuka maduarani, katika mashimo marefu yaliyozuiliwa kwa magogo ambayo wachimbaji huyaita matimba. Alimwambia mkewe kwamba mtu hashuki duara kwa kuwaza kina chake chote. Hushuka kwa kutia mguu katika timba moja, akashika, ndipo akatafuta la pili. Basi nyumbani kwao dripu zikawa zaitwa matimba. Watoto walikuwa wakiuliza, “Mama yuko timba la ngapi?”

Jambo la pili lililotuliza moyo wake lilikuwa kuambiwa mapema yatakayompata. Dripu nne za kwanza zilikuwa na dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alimwamkia “Mwangaluka, mayu,” akaketi kando yake kabla ya kumchoma, akasema: leo na kesho mkojo wako utakuwa mwekundu, si damu, ni rangi ya dawa, kichefuchefu huenda kikaja leo usiku au kesho, na vidonge vya kukizuia umeze kwa saa zake, usingoje utapike, nywele zitaanza kutoka baada ya wiki mbili au tatu, na siku yoyote joto la mwili likifika 38, usimeze dawa ya homa ukalala, bali njoo hospitali yoyote iliyo karibu saa hiyo hiyo, maana askari wa damu yako watakuwa wachache. Maneno haya hayakuchukua hata robo saa. Usiku ule dada yetu alikwenda msalani, akarudi, akasema tu, “Kweli, mwekundu.” Kisha akalala. Katika safari ya pili tulikutana na mwanamke aliyetibiwa mahali pengine, ambaye hakuambiwa habari ya mkojo. Alituhadithia jinsi alivyokesha akiandika wasia.

Twaona inafaa kusema kidogo juu ya dawa hiyo nyekundu, kwa sababu habari yake ilimfurahisha sana shemeji yetu. Haikutungwa kwa sumu za viwandani kama watu wanavyonong’ona mabenchini. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya kale iitwayo Castel del Monte, wakakuta humo kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachotoa rangi nyekundu, na kutokana na jamii ya kijidudu hicho, katika miaka ya 1960, ikapatikana dawa hii. Shemeji alipolisikia hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Maulidi. “Basi na hii nayo imechimbwa,” akasema.

Sasa tuje kwenye pantoni. Wasomaji wa pande zetu waijua njia: kutoka Geita hupita Sengerema, wakafika Busisi, na hapo ghuba ya Ziwa Viktoria ilikuwa ikiikata barabara. Mwaka ule daraja lilikuwa bado lajengwa. Nguzo zake tulikuwa tukiziona zikisimama majini huku sisi twangoja pantoni, pengine saa nzima, pengine zaidi. Pale kivukoni wachuuzi walikuwa wakipita na karanga, mayai ya kuchemsha, na sato wa kukaanga. Katika safari ya kwanza dada yetu alinunua sato, akala kwa raha. Katika safari ya tatu, harufu ya samaki ilipoingia dirishani, alitapika, ilhali dawa ilikuwa bado haijamgusa. Hospitali ilikuwa mbele yetu kwa mwendo mzima. Safari ya nne alianza kutapika tulipopita Sengerema, kabla ya kuona maji.

Tulidhani amepata ugonjwa mwingine, au, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulidhani anajitia. Muuguzi yule akatuelimisha. Akasema mwili una kumbukumbu yake: umekwisha jifunza kwamba baada ya ghuba na samaki huja dripu, na baada ya dripu huja kutapika, basi wenyewe hutangulia. Jambo hili lajulikana kwa madaktari wa ulimwengu mzima, wala halina uhusiano na udhaifu wa moyo. Wasiwasi huliongeza, na utulivu hulipunguza. Daktari akaongeza kidonge cha kumezwa usiku wa kabla ya safari, na muuguzi akamfundisha kupumua.

Kupumua kwenyewe ni hivi, nasi twakuandika kwa kuwa hakugharimu hata senti. Mgonjwa hukaa au hulala, akaweka mkono juu ya tumbo. Huvuta pumzi kwa pua polepole, akihesabu hadi nne, hata mkono uinuke. Kisha huitoa kwa mdomo akihesabu hadi sita, kama apulizaye uji wa moto. Hurudia kwa dakika tano au kumi. Zaidi ya hayo hufundishwa kukaza kiungo kimoja kimoja na kukilegeza: ngumi, mabega, uso, tumbo, mapaja, nyayo. Njia hii ya kulegeza viungo aliieneza daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, kabla ya mwaka 1930, na tangu hapo imejaribiwa kwa wagonjwa wengi wa saratani, ikaonekana yapunguza wasiwasi na kichefuchefu. Dada yetu, kwa hiari yake mwenyewe, aliacha kuhesabu namba akawa anatumia tasbihi yake. Tulipofika kivukoni alifunga dirisha, akanusa ganda la ndimu, akafumba macho, akapumua. Safari ya tano alitapika mara moja. Ya sita hakutapika. Hatusemi kwamba hofu ilikwisha. Mikono yake ilikuwa baridi kila mara.

Katika vitabu vya Waislamu wa kale limo jambo lililotusaidia kuliko tulivyotarajia. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934 wa Miladi, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, na hali kila mmoja huugua kwa maumivu ya mwenzake. Mna shauri lake moja: kwamba kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi, vivyo hivyo mtu ajiwekee akiba ya mawazo mema wakati moyo umetulia, ili ayatumie wakati wa dhiki, maana katika dhiki yenyewe hataweza kuyatunga.

Sisi tulilifanyia kazi shauri hilo kwa daftari la shule la shilingi chache. Kila siku binti yake aliandika mstari mmoja: siku ya ngapi tangu dripu, amelalaje, amekula nini, amelia au hakulia. Dripu mbili zilipopita tukaona kwamba siku mbaya zina zamu yao. Siku ya 3, ya 4 na ya 5 ndizo zilizokuwa nzito. Siku ya 9 alikuwa akiomba ugali. Siku ya 15 hata ya 20 alikuwa mtu wa kawaida, akipika na kugombana na kuku. Hizo siku njema ndizo tulizomwomba atoe maneno yake ya akiba. Akamwandikisha bintiye: “Wewe mwanamke, leo ni siku ya nne. Siku ya nne huwa unasema hutarudi tena Mwanza. Ulisema hivyo dripu ya kwanza na ya pili. Siku ya tisa utakula. Nyamaza ulale.” Maneno hayo tulimsomea siku ya nne ya dripu ya tatu, naye alitutukana, kisha akacheka katikati ya matusi. Yangekuwa maneno yetu asingeyasikiliza, lakini alishindwa kubishana na yeye mwenyewe.

Maana hatukueleza bado kwamba baada ya dripu ya pili alikataa kabisa kuendelea. Ilikuwa siku ya nne, na mvua ya masika yanyesha. Alisema afadhali afe na nywele zake. Sisi tulimjibu kama wanavyojibu watu wote: tulimwambia asiogope, awe na imani, na kwamba Muumini hana wasiwasi. Akanyamaza. Tukafurahi tukidhani amekubali. Kumbe alikuwa ameongezewa mzigo wa pili juu ya wa kwanza: kwanza anaogopa, na sasa anaona kuogopa kwake ni upungufu wa dini. Shekhe wa msikiti wetu tulipomweleza alitukemea. Akatukumbusha kwamba Nabii Yaakubu alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Na kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiomba dua ya kukingwa na hamu na huzuni, na mtu haombi kinga ya kitu kisichomfikia. Akasema, “Mwacheni alie. Nanyi kaeni naye.” Tukaenda tukakaa. Kukaa karibu na mtu anayelia bila kumwambia neno ni kazi ngumu kuliko kulima, nasi hatukuwa tumeizoea.

Nywele zilianza kutoka siku ya 17 baada ya dripu ya kwanza, zikibaki mtoni na kwenye kitana. Watu hudhani kwamba mwanamke wa Kiislamu hana sababu ya kuzihuzunikia nywele, kwa kuwa nje hufunika kichwa. Ni kinyume chake. Nywele ambazo hazikuonwa na mtu ila mume na watoto ni za mume na watoto, na kichwa kitupu huonekana pale pale nyumbani ambapo mwanamke hana ushungi wa kujifichia. Alilala na kilemba siku tisa. Kisha mumewe, mtu wa maneno machache, alikwenda kwa kinyozi akanyoa kipara, akarudi akaketi kula pasipo kueleza neno. Siku hiyo kilemba kikatoka.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia Machi, baina ya dripu ya pili na ya tatu. Dada yetu hakuwahi kula mchana wa Ramadhani tangu alipobaleghe ila kwa udhuru wa kila mwanamke, na kunywa uji saa nne asubuhi kulimtoa machozi kuliko sindano. Hapa nasi tulijifunza kwamba hofu ya mgonjwa wetu si lazima iwe hofu ya mauti. Pengine ni hofu ya kuonekana na watoto akila. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur’ani yenyewe: atarajiaye kupona hulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona hulisha maskini. Daktari alimtaka anywe maji mengi kwa ajili ya dawa, na shekhe akamwambia kwamba kuipokea ruhusa ya Mola wake nako ni utii. Lakini yaliyomtuliza hasa ni kupewa kazi. Alichukua kazi ya kuchagua futari, kuonja kwa jicho kama asemavyo mwenyewe, na kumpelekea jirani asiye na kitu. Siku zake amezilipa mwaka 2025, zote, na alizitangaza kila moja.

Juu ya chakula twaongeza neno moja. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amepokea kutoka kwa Mtume kwamba uji wa shayiri huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Shayiri kwetu haipatikani kwa wepesi. Tulitumia ulezi, mwepesi, wa vuguvugu, kidogo kidogo. Chakula cha moto chenye harufu kali kilimshinda, cha baridi kilipita. Matobolwa aliyakubali hata siku ya nne.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo tungependa kuliacha, lakini tukiliacha tutakuwa tumeandika nusu. Baada ya dripu ya tatu alikuja mgeni, jamaa wa mbali. Alikaa kitandani kwa mgonjwa saa mbili nzima. Alianza kwa kuhesabu wanawake aliowajua waliokufa kwa titi, akamalizia kwa kusema kwamba ugonjwa kama huu hauji bure, na akageuza uso kuelekea nyumba ya pili, anakoishi bibi kizee mjane mwenye macho mekundu. Wasomaji wa Dar es Salaam au Tanga huenda wakaliona hilo kuwa porojo tu. Huku kwetu, Shinyanga na Geita, neno kama hilo limekwisha kuua. Vikongwe wamekatwa kwa mapanga usiku kwa sababu ya macho yaliyowiva kwa moshi wa miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi.

Usiku ule dada yetu hakulala, wala uliofuata. Tulipomwuliza alisema, “Sasa si kwamba nitakufa peke yangu. Wamemwua na bibi kwa ajili yangu.” Kabla ya hapo tulikuwa tukishughulika na kichefuchefu! Shemeji yetu alikwenda kwa mgeni yule, akamwambia mbele ya wazee wa mtaa kwamba saratani haitoki kwa jirani, kwamba ni chembe za mwili wenyewe zilizoacha kutii, na kwamba jina la bibi likitajwa tena jambo litafika polisi. Dada yetu alifanya jema zaidi. Alimwita bibi, akamwomba aje kila asubuhi kumpikia uji. Kwa muda wote wa masika mtaa mzima ulimwona kikongwe yule akiingia na sufuria na kutoka nayo. Hakuna aliyesema neno tena.

Baada ya hapo tuliweka kanuni ya wageni, nasi hatuoni haya kuisema ingawa kwa desturi zetu mgeni hafungiwi mlango. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na kwa kuwa ni haki yake, yeye ndiye aseme kiasi gani. Binti alisimama mlangoni: kuanzia siku ya 7 hata ya 14, siku ambazo damu hupungukiwa na askari wake, asiingie mwenye mafua wala mwenye kikohozi, wengine waketi robo saa, wanawe mikono, wasihadithie misiba. Wako waliokasirika. Wako pia waliokuja kufua nguo, kuteka maji na kuondoka bila hata kuingia chumbani, na hao Mwenyezi Mungu awalipe.

Mambo mengine tutayapita upesi. Unga wa miti shamba uliletwa mara mbili; tulimwonyesha daktari, akakataza, kwa kuwa ini la mgonjwa lina kazi ya kutosha kuzisafisha dawa za dripu na huenda unga ukazigombanisha. Nauli ilitutoa jasho, na mgonjwa aliyesikia watu wakinong’ona habari ya pesa alizidi kuumwa, basi mazungumzo ya pesa tuliyahamishia nje. Kutembea kulimfaa sana, jambo lililotushangaza, maana sisi tulikuwa tukimlaza kama yai. Daktari akasema uchovu wa dawa hizi hauishi kwa kulala tu, na matembezi mafupi ya kila siku huupunguza na kuleta usingizi. Akawa atembea na bibi hadi kwenye mwembe na kurudi, na ilipofika dripu ya sita, hadi sokoni. Dripu nne za mwisho zilikuwa za dawa nyingine, zikamletea ganzi ya nyayo, lakini hakutapika tena kama zamani. Kinundu nacho kilikuwa kikipungua, akikipima mwenyewe kwa kidole, na hakuna maneno yetu yaliyofanya kazi kama kidole kile.

Yuko pia mgonjwa ambaye haya yote hayamtoshi. Tulimwona mmoja kwenye benchi: wiki baada ya wiki halali, hali, hataki kuwaona wanawe, na asema wazi kwamba atamani kufa. Hali hii yapita wasiwasi wa kawaida. Ni maradhi yaliyo juu ya maradhi, nayo yana dawa zake na watu wake wa kuyatibu. Jamaa zake walikuwa wakimficha daktari kwa aibu. Dada yetu ndiye aliyewaambia wamweleze, nao wakamweleza.

Mabenchi yale yamefanya kazi ambayo hatukuitambua mwanzoni. Wanawake waliopangiwa siku moja walijuana, Wasukuma, Wahaya, Waha, wenye misalaba shingoni na wenye ushungi, wakawa wangojana. Aliyefika dripu ya saba alimsimulia wa kwanza. Yule mama aliyeuliza upande wa titi siku ile, ambaye tulimchukia bure, alikuwa ndiye anayemwekea dada yetu nafasi. Zamani wagonjwa wa Kanda ya Ziwa walipelekwa taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, na wengi wao hawakuwa na jamaa huko. Tuliwaza mara nyingi jinsi walivyolala.

Agosti 2024 dada yetu alifanyiwa upasuaji, na baadaye akapata mionzi. Sasa hurudi Mwanza kwa kupimwa tu. Wasiwasi humrudia siku chache kabla ya kipimo, husafisha nyumba nzima usiku, nasi twamwacha asafishe.

Daraja la Kigongo na Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3, na mahali tulipokuwa tukingoja saa nzima gari hupita kwa dakika chache. Mara ya kwanza tulipolivuka alikaa dirishani, kioo kimeshushwa, akawa atazama chini mahali pantoni ilipokuwa ikifunga, asiseme neno hadi ng’ambo. Jioni tukirudi, gari liliposimama Sengerema, alimwita mchuuzi akanunua sato wawili wa kukaanga. Mmoja alimpa dereva. Wa pili alimla palepale, na tulipomwomba kipande akasema tununue wetu.